Jemadari Amepita Nyumba kwa Nyumba

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 14, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa dada,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye ameketi hapa pembeni akijifanya hanioni ninavyoandika. Hujambo? Shemeji hajambo? Na wanao pacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Natumaini mgongo umepoa, na kwamba huko kiwandani wamekupa mtu wa kukusaidia kubeba trei za mikate, maana mara ya mwisho ulilalamika hadi nikahisi mgongo wangu unauma. Sisi huku tu wazima. Goti la mama linamsumbua kukiwa na baridi, ila mguu huohuo ndio anaokanyagia cherehani kutwa, kwa hiyo simwamini sana.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Dada, kila nikitaja watu wa upande wa baba unakata simu. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Nina mambo mawili. La kwanza, jina la mama limesafishwa, na aliyelisafisha ni yuleyule aliyelichafua, kwa mdomo wake mwenyewe. La pili linahusu damu yako na ya wanao, na hilo ndilo kubwa. Lakini niache nianze na la kwanza, kwa sababu nimelisubiri tangu nikiwa na meno ya utoto na nataka nilifaidi.

Wewe unakumbuka kuliko mimi. Mimi nakumbuka sketi yako niliyoishikilia, na viti vya kukodi vya msibani. Mama alikuwa amempima shangazi wa kati kifua kwa ajili ya gauni, vidole vyake vikakutana na uvimbe, akamwambia aende hospitali. Shangazi akachelewa, akafa. Haukupita muda mrefu ikawa hivyohivyo kwa shangazi mdogo: gauni, vidole vya mama, uvimbe, kaburi. Mtu mwenye akili angesema huyu mwanamke ana mikono ya kuokoa watu, sikilizeni mikono yake. Ndugu zetu wakasema tepu yake ndiyo inayoupeleka ugonjwa.

Si wote waliosema. Alisema mmoja, wengine wakaitikia. Jemadari, dada yake mkubwa baba, alisimama katikati ya waombolezaji akamnyooshea mama kidole. Maneno yake ninayo kama yalivyo: "Kikulacho ki nguoni mwako. Dada zangu wote wawili wamekufa ndani ya nguo za mwanamke huyu. Na nyumba yake haitaona mvi." Mama alikuwa bado ana tepu shingoni. Baba aliangalia viatu vyake, na mpaka leo nikimfikiria baba naona viatu.

Kuanzia kesho yake wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, hata vile ambavyo mkasi haujavigusa. Jemadari alikuwa amepita kwao, nyumba kwa nyumba, hakuruka hata moja. Tukaishia chumba kile nyuma ya kinu, mama anashona magunia ya unga, na sisi tunakwenda shule vichwa vyeupe, wenzetu wanatuamkia shikamoo bibi. Baba alibaki kwa dada yake. Alipoanguka kutoka kwenye jengo akafa, Jemadari alihakikisha tunapata habari akiwa ameshazikwa. Sijasahau hata moja, na sijasamehe hata moja. Wanaosema muda ni dawa hawakuwahi kunywa dawa hiyo.

Sasa kuhusu kazi yangu, ambayo wewe huniambia huielewi na shemeji anasema naangalia vijidudu. Siangalii vijidudu. Naharibu vitu nione kama vitajitengeneza. Ndani ya kila seli ya mwili kuna DNA, na DNA ni uzi mrefu unaokatika kila siku, kwa jua, kwa moshi, kwa uzee, kwa bahati mbaya tu. Mwili unao mafundi wa kuushona upya, na kila fundi ametengenezwa kwa maelekezo ya jeni fulani. Jeni hizo ndizo ninazochunguza. Kuna watu wamezaliwa na jeni ambayo fundi wake ana sindano isiyo na tundu. Yupo kazini, lakini hashoni. Mikato ikilimbikizana, saratani inapata mlango.

Nazilea seli kwenye visahani, ndani ya kabati la joto ambalo ukilifungua linakupumulia usoni. Nazipiga mionzi, halafu naziangalia kwa darubini. Fundi akifika penye mkato, huonekana nukta ya kijani. Seli nzima hujaa nukta, unaweza kudhani sherehe. Seli mbovu zinabaki giza.

Palikuwa na badiliko moja katika mojawapo ya jeni hizi ambalo hospitali walikuwa wakiliona kwa wanawake wa huku kwetu, na kila mara majibu yalitoka yameandikwa: maana yake haijulikani. Haikujulikana kwa sababu damu zilizotumika kuandikia vitabu ni za watu wengine, wa mbali, na sisi hakuna aliyetuhesabu. Basi wanawake waliambiwa rudini nyumbani, tukijua tutawaita. Wengi hawakuitwa. Mimi nililing'ang'ania badiliko hilo. Mkuu wangu wa maabara akaniambia napoteza visahani. Nikavipoteza kwa miaka, na kila nilipoangalia, giza. Sindano haina tundu. Tukachapisha, maabara nyingine za mbali zikarudia kazi yetu zikakuta giza lilelile, na leo majibu yanaandikwa: lina madhara, mgonjwa afuatiliwe. Madaktari nisiowajua wananiandikia. Mmoja alisema amewaita tena wanawake aliokuwa amewarudisha nyumbani, na kwa baadhi yao uvimbe ulikutwa ungali mdogo. Mkuu wangu sasa hawezi kupata mgeni bila kumtajia visahani vile, na huwa anasema "sisi".

Damu zinakuja maabara zikiwa na namba, hazina majina. Nakuapia sikujua ni za nani.

Nilijua siku Kitindamimba aliponifuata kazini. Unamkumbuka, binti wa mwisho wa Jemadari, yule aliyekuwa mdogo kiasi cha kutojua kwamba anapaswa kutuchukia. Alikaa pale mapokezi amejifunga kitambaa kichwani, nyusi hana. Alikuwa na saratani ya titi. Amepimwa, amekutwa na badiliko lile, na daktari alipomweleza limegunduliwa vipi akamtajia jina la mtafiti. Akalitambua. Haya yote ya kwake ninayokuandikia amenipa ruhusa, maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Dada, nilipojua ni mtoto wa nani, kitu cha kwanza moyoni mwangu hakikuwa huruma. Nilifurahi. Nakuandikia wazi kwa sababu wewe hutanisuta. Nilisema kimoyomoyo, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Halafu binti akacheka kitu fulani, na nikaona ana masikio ya baba, nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Lakini sikiliza utamu wake. Angekuja zamani kidogo, angeambiwa maana yake haijulikani. Kwa kuwa sasa inajulikana, daktari amempa vidonge vinavyoziwinda seli zilezile zisizoweza kushona uzi wao. Uvimbe umesinyaa. Nywele zinaota, fupi kama za kifaranga. Kwa hiyo Jemadari akimtazama mwanawe akila na kucheka mezani, anatazama kazi ya mikono ya mtoto wa mchawi. Sikuweza kuomba kisasi kizuri zaidi ya hicho, na nilikuwa nikiomba sana.

Kisha ikabidi Jemadari naye apimwe. Analo. Yeye mwenyewe hajawahi kuugua hata mafua, limepita ndani yake likaenda kwa mtoto. Haya naye amekwisha kuyatangaza mwenyewe, na nitakueleza alivyoyatangaza. Siku ya majibu Kitindamimba aliniomba niwepo. Chumba cha ushauri pale kliniki ni kidogo, kina viti vya plastiki na kasha la tishu mezani. Jemadari aliponiona hakunisalimu, alirekebisha mkoba mapajani. Amekonda, ila sauti ni ileile ya kupanga majeshi.

Mshauri ni kijana mpole, anaongea kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Akaeleza kwamba jambo hili hushuka kwa damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Halipatikani kwa kuoana, wala kwa chakula, wala kwa nguo. Nikamwomba arudie hapo kwenye nguo. Akarudia, maskini, akidhani sikusikia. Nikamwomba tena.

Halafu akafika kwenye utaratibu, na hapa ndipo niliposhika kiti nisiruke. Hospitali hairuhusiwi kuwapigia simu ndugu wa mgonjwa na kuwaambia kilicho kwenye damu yake. Siri ni yake. Aliyekutwa nalo ndiye anayeombwa awafuate watu wa damu yake, awaambie, nao waamue kupimwa.

Jemadari akasema, "Si mna simu hapo? Wapigieni ninyi."

"Haturuhusiwi, mama. Ni wewe."

Kijana wa watu akamhurumia, akavuta droo kutoa karatasi zilizochapwa, ambazo mgonjwa huwagawia ndugu zake ili asihangaike kueleza. Nikaweka mkono juu ya droo. Nikamwambia, "Shangazi hahitaji karatasi. Habari ya kwanza aliisambaza bila karatasi." Mshauri hakuelewa. Shangazi alielewa sana.

Basi akaenda. Nyumba kwa nyumba, dada, zilezile alizopita enzi zile, safari hii amemshika mwanawe mkono, na mwanawe ndiye aliyenisimulia. Kwa fundi bomba, mtoto wa shangazi wa kati, alimkuta amelala chini ya sinki la watu akifunga koki. Hakutoka. Jemadari akayasema yote akiiambia miguu. Ikatoka sauti huko chini: "Kwa hiyo mama yangu hakulogwa?" Akajibu hakulogwa. "Na yule mama mshonaji?" Binti akamfinya, ndipo Jemadari akasema hakufanya lolote.

Mwalimu, yule binti wa shangazi mdogo, alilia. Unajua mwanamke yule na elimu yake yote hajawahi kushonewa nguo? Tangu utoto ananunua zilizokwisha kushonwa, akiogopa tepu ya fundi isimguse kifuani. Amepimwa sasa. Analo, na ameanza kuchunguzwa kila baada ya muda, kwa hiyo likitokea jambo litakamatwa likiwa dogo. Nilipopata habari hiyo nilijiambia, hapa napo nimelipiza. Jemadari alitaka watu wafe ili maneno yake yawe kweli, na mimi namkosesha mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa mwisho haukuwamo kwenye utaratibu. Mama si wa damu yao, mshauri alisema hana haja ya kuarifiwa. Nikamtuma Kitindamimba amwambie kwamba mlango huo ndio ninaoutaka kuliko yote, na kwamba Jumamosi asubuhi uko wazi.

Akaja. Ngazi zetu unazijua kwa simulizi, zinamtoa jasho hata mtoto. Mama alikuwa anashona kola. Hakusimama. Mama huyuhuyu anayemkaribisha kiti hata mtu wa kusoma mita hakumpa wifi yake kiti.

"Wifi," Jemadari akaanza, "nimekuja kukwambia kwamba yale mambo..."

Mama akakanyaga pedeli. "Sikusikii, wifi. Cherehani hii ina kelele."

Akarudia kwa sauti. Mama akasema, "Sema tena, nilikuwa kwenye kona." Hapo nikajua nimezaliwa na nani. Mara ya tatu Jemadari alipiga kelele hadi wapangaji wakafungua milango na watu wa duka la vioo wakatoka nje kutazama juu: "Si nguo zako. Ni damu yetu. Nilikusingizia."

Mama akaondoa mguu kwenye pedeli. "Sasa nimesikia," akasema, akakata uzi kwa meno.

Nilidhani yameisha. Mama akainuka, akachukua tepu iliyoning'inia ukutani, akasema, "Nyanyua mikono." Ungemwona Jemadari. Mikono ilipanda yenyewe kama ya mtu aliyekutana na askari, macho kayafumba, na mama akampima kifua, mabega, kiuno, polepole, vidole vyake vikipita kila mahali vinapopaswa kupita. Akasema uvimbe hakuna. Kisha akamwambia atamshonea gauni, na atalivaa kila atakapokwenda kwa watu. Kitambaa amekichagua mama mwenyewe, manjano ya kuumiza macho. Limekwisha, na Kitindamimba anasema analivaa. Nilimuuliza mama ule ulikuwa msamaha au adhabu. Akaniambia nimpe mkasi.

Sasa la pili, na tafadhali usiruke mistari.

Mama amepimwa, hana. Mimi nimepimwa. Ninalo.

Kwa hiyo tulilipata kwa baba. Nilisema mwanzoni kwamba tu wazima, na ni kweli. Kuwa nalo si kuugua. Nina daktari, nina miadi yangu, nina mpango, na nina mama anayenipima nguo mara nyingi kuliko idadi ya nguo ninazovaa. Niliogopa, sitakuficha. Nilikaa mbele ya darubini siku hiyo sikuweza kuinama. Miaka yote ile nikidhani naangalia seli za watu, kumbe naangalia nyumbani.

Wewe unaweza kuwa nalo au usiwe nalo, ni kama kurusha sarafu. Pacha bado wadogo, hawapimwi sasa, na kama huna basi kwako limekatikia hapo. Nenda kapime. Ulipoondoka uliapa kwamba hutabeba chochote cha ukoo ule, hata jina ukalibadilisha. Lakini hili halikuomba ruhusa yako. Kama lipo, lilipanda ndege pamoja nawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ukianguka mimi sitakuwa na dada mwingine.

Mwosha huoshwa. Utaratibu ule niliomfurahia Jemadari ni wangu pia. Aliyekutwa nalo ndiye anayewafuata watu wa damu yake, na mtu wa damu yangu ni wewe. Nilijaribu simu, ukakata. Ndiyo maana naandika, nikijificha nyuma ya karatasi, kitu nilichomnyima yeye. Sasa najua kwa nini angeitaka.

Lakini usidhani nimelainika. Yule mwanamke alisema nyumba ya mama haitaona mvi. Mimi ninazo mbili tayari, juu ya sikio la kushoto, na sizing'oi. Nataka na wewe uzipate. Nataka tuzeeke wote wawili mbele ya macho yake, na siku utakayokuja tumpitie nyumbani kwake bila haraka, kichwa wazi.

Msalimie shemeji, umwambie si vijidudu. Wabusu pacha mmoja mmoja wasigombane. Kitindamimba anakusalimu sana, anauliza kama unamkumbuka. Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi, na akupe ukaidi wa kutosha kunikasirikia halafu kwenda hospitali.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Chokochoko.

Mama ameninyang'anya kalamu:

Mwanangu, kitambaa kimebaki, rangi nyingine, nzuri. Nitumie vipimo vyako. Kifua pima polepole, pande zote mbili.
Mama.